Ufunguo wa Mtani

Mnimbila ndiko mahali pekee nchini ambako mtu aliajiriwa, akapewa sare, nyumba na bima, ili amtukane bosi wake. Wageni wakisikia hivyo hudhani ni porojo za watu wa kusini. Si porojo. Kazi hiyo iliitwa Mshika Ufunguo wa Pili, na asubuhi ile aliyekuwa nayo, Longinus Mbano, Mngoni wa Songea, aliingia chumba cha mitambo amejifunga sanda kiunoni, jembe begani.

"Nimesikia humu kuna maiti," alisema. "Nimekuja kuchimba."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata Asumini Chitete, ambaye alikuwa na kila sababu ya kununa siku ile, alijikuta anatabasamu. Yeye alikuwa Myao wa Masasi, mkuu wa Kisima cha Saba na mshika ufunguo wa kwanza, na kwa hiyo ndiye mwenye haki ya kutukanwa.

"Jembe umelitoa wapi, mtani?" akamjibu. "Wangoni mlijua lini kulima? Si mlikuwa mnangoja sisi tuivishe ndipo mje mtukimbize, mle?"

"Na mlikimbia kweli. Ugali mliuacha bado moto. Babu yangu alikuwa akiusifia mpaka anaingia kaburini."

Mafundi wawili walikuwa wameshainua simu zao kurekodi, maana vituko vya Mbano vilikuwa na wapenzi hadi mikoa ya kaskazini. Kwenye skrini kubwa ya ukutani, Bi Tunu Mshangama wa Baraza la Gesi hakucheka. Alikuwa Dodoma, ofisini kwake, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu.

"Dada Asumini," alisema, "mkimaliza maigizo yenu naomba jibu. Gari la zege liko getini kwenu linazunguka. Kiwanda cha mbolea kinanipigia simu kila ninapoiweka chini. Tunafunga kisima au tunafungua?"

Asumini alitazama mshale wa presha kabla ya kujibu. Alikuwa na mazoea hayo, kama mama anayechungulia mtoto aliyelala. Mshale ulikuwa juu kidogo kuliko jana, na jana ulikuwa juu kidogo kuliko juzi. Ulikuwa ukipanda hivyo tangu masika yaliyopita.

Visima vingine vyote vya kusini vilikuwa vimekauka, vingine kabla hata yeye hajazaliwa. Wazee waliichoma gesi ile wakaimaliza. Walipikia, wakaendeshea magari, wakawashia taa barabara zisizopitwa na mtu. Siku hizi jua ndilo lililopika na upepo ndio uliowasha taa, na watu walizoea. Lakini kiwanda cha mbolea kilijengwa kula gesi na hakikujua kula kitu kingine. Na gesi yote iliyobaki ilikuwa chini ya miguu yao, ndani ya jiwe la Kisima cha Saba. Mafundi waliiita kitako. Chini yake kulikuwa na maji ya chumvi yanayosukuma kupanda, na gesi ile, kwa uzito wa presha yake, iliyakalia yasiinuke.

Juu ya kitako hicho Asumini alikuwa ameweka maisha yake. Yeye na wenzake walitengeneza chachu, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wakaipeleka chini ikale makaa yaliyonata kwenye jiwe na kutoa gesi mpya. Ilikufa mara nyingi kabla ya kukubali kuishi kule. Chachu ya kwenye chupa ipo maabara hadi leo, tele, lakini chachu bila jiwe kavu la kukaa ni sawa na hamira bila unga. Jiwe kavu lilibaki hili moja. Basi mshale ulipoanza kupanda, Asumini alilia mbele za watu bila aibu. Chachu ilikuwa inaumua kisima. Kilichobaki ni kukiziba kwa zege, kisiguswe kizazi kizima, ili wajukuu wakikute kimejaa.

Ila kukiziba maana yake ni kwamba msimu huu hakuna mbolea. Mwaka jana iligawiwa kwa vijiko. Mdogo wake, Sharifa, aliyekuwa akilima kwao Masasi, alimtumia ujumbe wa sauti ambao Asumini aliusikiliza mara moja tu. "Wewe tunza wadudu wako, dada. Sisi huku wanangu wamerudi kula ming'oko ya kuchimba porini."

"Jibu langu ni lile lile," Asumini alimwambia Bi Tunu. "Tunafunga. Njaa ya mwaka huu inauma, najua, na inauma hadi nyumbani kwetu. Lakini tukikila kitako leo, mwakani hakuna mbolea, na mwaka wa mbele yake hakuna, na haitakuwepo tena."

Bi Tunu akashusha pumzi. "Haya. Mwenye ufunguo wa pili aseme lake, tumalize."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Hakuna vali iliyogeuzwa Mnimbila kabla mtani hajapewa nafasi ya kusema atakalo, na aliyeshika ufunguo wa kwanza hakuruhusiwa kukasirika. Longinus akalikita jembe sakafuni, akaliegemea.

"Mke wangu," alianza, na watu wakacheka tayari. "Kisima chako kimekufa. Wewe unasema kinaumuka. Hakiumuki, kimevimba. Maiti nayo huvimba, hukuambiwa? Kinachopandisha huo mshale wako ni maji ya bahari. Yanapanda kwenye jiwe, yanaibana gesi, wewe unashangilia. Unacheza ngoma matangani."

Kicheko kilikuwa kikubwa mno hata fundi mmoja akaweka simu chini ajifute machozi.

"Sitanii," alisema Longinus.

Lo, hapo ndipo chumba kilipolipuka. Anayeujua utani anajua kwamba hakuna neno la kuchekesha kuliko hilo likitoka kinywani mwa mtani. Asumini mwenyewe alicheka mpaka akashika meza. Longinus alisimama kidogo, akawatazama mmoja mmoja. Kisha aliliegemeza jembe ukutani, akatoka nje.

*

Asumini alikuwa bado anapangusa macho alipoiona chai yake mezani, na mihogo ya kukaanga pembeni, vyote vizima.

Kicheko kikamkauka. Mtani hatoki mikono mitupu. Akishatukana lazima anyakue kitu, kikombe chako, ushungi wako, mhogo wako, umkimbize, umbembeleze, umpe chochote akurudishie. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja Longinus hakuwahi kuiacha chai yake salama. Leo alikuwa amepita karibu yake hata hakuiangalia.

"Naomba muda kidogo," alisema.

"Zege halinisikilizi mimi wala wewe," alijibu Bi Tunu. "Likigandia kwenye gari, lingine hatuna."

"Kidogo tu, dada yangu."

Alimkuta Longinus nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha paneli za sola. Alikuwa ameivua ile sanda na anaikunja taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Umesahau chai yangu," Asumini alimwambia. Alijaribu kuliweka neno hilo kiutani, likatoka vibaya.

"Sikuitaka."

"Mtani, ulichosema mle ndani..."

"Nimekisema tangu Ramadhani. Nimekisema getini. Nimekisema kantini. Nimekisema kwenye harusi ya mwanao, na kipaza sauti mkononi."

"Ulisema kisima kinakunywa kama marehemu baba yangu."

"Nilisema kinakunywa," alisema Longinus.

Huyu hakuwa mcheshi wa mtaani aliyeokotwa. Alikuwa mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, amesomea mbali, na hata mtoto mkubwa wa Asumini alisomea kitabu alichokiandika yeye.

"Wewe ni msomi, Mbano. Ungekuja ofisini, ukafunga mlango, ukaniambia kama watu wazima wanavyoambiana."

"Nilikuja. Nikafunga mlango. Ulianza kucheka kabla sijakaa."

Alikumbuka. Alikumbuka hata alivyowaita wengine waje wamwone Mbano alivyokunja uso. Aibu ilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke.

Na desturi yenyewe haikuwekwa kwa ajili ya kicheko. Zamani za visima vingi, kisima kimoja kililipuka kikaua zamu nzima, na ilipochunguzwa ikaonekana msaidizi aliliona kosa la mkuu wake mapema, akanyamaza kwa heshima. Mkubwa hakosolewi mbele za watu. Ndipo watu wa Mnimbila wenyewe wakasema, ufunguo wa pili apewe mtani, maana ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumwambia mkubwa "wewe mjinga" na adabu isivunjike. Ilifanya kazi vizuri sana. Halafu watu wakaanza kuipenda, wakawaleta na watoto wao waje watazame, na kidogo kidogo wakaacha kusikiliza maneno wakawa wanasikiliza vichekesho.

"Na mimi nina langu," alisema Longinus, macho kwenye sanda. "Walivyokuwa wakicheka, nilikuwa naongeza chumvi. Nilidhani nikiwachekesha zaidi watalikumbuka. Leo nimekuja na jembe, nikasema wakiona jembe wataelewa." Akatikisa kichwa. "Jembe ndio limeharibu kabisa."

"Una uhakika?"

"Wa maji, ndiyo. Wa chachu yako, sijui. Hiyo ni yako."

"Basi tushushe kibuyu," alisema Asumini, na tayari alikuwa anatembea.

*

Kibuyu kilikuwa chupa ya chuma inayoshushwa kisimani kwa waya kuleta sampuli. Walikishusha wenyewe, bila kumwita fundi. Getini gari la zege lilikuwa linanguruma, na dereva alikuwa amesimama kando yake anatazama saa.

Waya uliteremka. Asumini aliijua njia ile kwa moyo; alijua kibuyu kitapita wapi kwenye jiwe tupu, wapi kwenye udongo wa mfinyanzi, na wapi kitakapogusa maji. Alikuwa bado anangoja jiwe tupu limalizike wakati waya ulipolegea na kengele ya mashine ikalia. Kibuyu kilikuwa kimeshafika kwenye maji, juu kuliko alivyoyajua.

Longinus hakusema "nilikwambia", na Asumini alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Waliuvuta waya, wakakifungua kibuyu, naye akachovya kidole na kukiweka ulimini. Chumvi tupu.

Maabara ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha. Chachu iliyo hai, ukiimulika kwa taa ya zambarau, huwaka kijani, iliyokufa haiwaki. Zamani Asumini alikuwa akiweka tone moja chini ya darubini, na kioo chote kinawaka hadi anafumba macho. Sasa aliweka tone, akazima taa ya juu, akainama.

Giza. Akasogeza kioo. Giza. Akasogeza tena, taratibu, na pembeni kabisa akaona nukta ya kijani. Kisha nyingine, mbali nayo. Kisha tatu zimekaribiana.

"Wapo," alisema, na sauti ikamkatika kwa furaha, furaha kabisa, ya kijinga, iliyomjaa kifuani kabla hajaifikiria. "Mbano, wapo. Njoo uone."

Longinus akainama akaona.

"Watakuwa wamekimbilia juu," alisema. "Kwenye kuba la jiwe bado pakavu."

"Nikifunga leo?"

"Zege litazuia watu, halitazuia maji. Yanaingia kwa chini."

"Lakini hawa wameishi. Wameonja chumvi na wameishi. Tuseme hao ndio wagumu. Tuseme wanazaliana hao tu. Mara ya kwanza pia walikufa wote wakabaki wachache, na hao wachache ndio waliokijaza kisima."

"Inawezekana."

"Usiniambie inawezekana. Niambie."

"Sasa unataka nikwambie nini, Asumini? Inawezekana. Nafasi ni ndogo, ila ipo, siwezi kukudanganya kwamba haipo. Na wasipoweza, maji yataifunika gesi yote iliyobaki, itanaswa ndani ya jiwe, hatutaipata sisi wala wajukuu. Mbolea hakuna na chachu hakuna. Na ukifungua, tunaitoa gesi sasa, mikoa mitatu inapanda kwa mbolea msimu huu na pengine ujao, na hawa," aligusa darubini, "maji yatawafuata hadi juu, hawatabaki. Hayo ndiyo ninayoyajua."

Asumini akakaa kwenye stuli. Ingekuwa wamekufa wote, ingekuwa nafuu. Angefungua vali akaenda nyumbani kuomboleza. Ingekuwa wako hai wote, angefunga. Vidoa vitano vya kijani ndivyo vilivyomtesa. Watu ambao hawajazaliwa wangesema nini, kwamba palikuwa na mbegu ya mwisho ya gesi duniani kwao na bibi mmoja aliizima kwa sababu watu walikuwa na njaa mwaka mmoja? Na wanawe Sharifa, waliokwisha kuzaliwa, ambao walikuwa na majina, na mikono imechubuka kwa kuchimba ming'oko, wangesema nini?

Alijua pia jambo lingine, baya zaidi, na akajilazimisha kulitazama. Alitaka kufunga. Akifunga, kosa lake litazikwa chini ya zege kizazi kizima. Hakuna atakayejua kama chachu ilipona au ilikufa mpaka yeye awe ameshastaafu na kusifiwa. Zile nukta tano zingemtosha kuwa kisingizio. Hilo ndilo lililomtia hofu, jinsi lilivyokuwa rahisi, na jinsi lilivyofanana na kuwaonea huruma wajukuu.

Getini dereva akapiga honi, ndefu.

"Wewe ungefanyaje?" aliuliza.

"Mimi ufunguo wangu ni wa pili," alisema Longinus.

Asumini akaitazama ile nukta ya pembeni kwa mara nyingine. Kisha akaizima taa ya zambarau.

*

Waliporudi pamoja chumba cha mitambo, mafundi walijiweka sawa kwa kicheko kingine. Fundi mmoja akanong'ona, "Sehemu ya pili hiyo," na simu zikainuka.

"Tunafungua," alisema Asumini. "Mwambieni dereva arudi na zege lake. Kisima kimeingia maji. Presha niliyowaambia ni ya chachu ilikuwa ya maji."

Wakacheka. Wallahi, walicheka. "Bosi naye ameambukizwa," mmoja akasema, na mwingine akampigia makofi. Asumini alisimama tu. Hakukunja uso wala hakupandisha sauti. Aliwaacha wacheke mpaka wakaona machozi yanamshuka na yeye hayafuti. Ndipo kicheko kikaanza kufa, kutoka mbele kwenda nyuma, na simu zikashuka.

"Dada Asumini," alisema Bi Tunu kutoka ukutani. "Wiki iliyopita uliniapia."

"Nilikosea. Niliona mshale unapanda, nikaona nilichokuwa nakitaka. Mbano aliniambia tangu Ramadhani. Nilicheka."

"Na chachu?"

Hapo angeweza kusema imekufa. Lingekuwa neno moja, na hakuna ambaye angeenda kuchungulia.

"Ipo kidogo bado hai," alisema. "Tukifungua, inakufa. Nawaambia mjue, msije mkasema tulizika maiti. Tunaiua, na mimi ndiye ninayesema iuliwe."

Ilikuwa wazi kwamba Bi Tunu angependa kuambiwa kitu kingine. "Baraza litauliza nani ameamua."

"Wape jina langu. Chitete, mkuu wa Kisima cha Saba."

"Na mwenye ufunguo wa pili?"

Watu wote wakamgeukia Longinus. Hii ilikuwa nafasi yake, ya kisheria na ya kimila, ya kusema atakalo na mtu asikasirike.

"Sina neno," alisema.

Wakaingiza funguo, wakazigeuza pamoja. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha bomba lililopita chini ya sakafu likaanza kutetemeka, na gesi ikapita kwenda kiwandani kwa sauti ya chini iliyojaa miguuni mwao. Mshale ukasita, ukaanza kurudi. Nje dereva alikuwa anamwaga zege uwanjani, lisije likamgandia kwenye gari, na mtu alikuwa anamfokea kwamba anaziba mtaro.

Mafundi waliondoka mmoja mmoja bila kuagana. Walipita karibu na Longinus macho chini, kwa heshima, kama wanavyompita mzee yeyote wa ofisi. Hakuna aliyemtania. Asumini aliona jambo hilo, na akaona kwamba naye ameliona.

Wakabaki wawili, mshale ukishuka mbele yao.

"Haya, nitukane," alisema Asumini.

Longinus akafumbua mdomo. Alikuwa na ya kusema, angekosaje, na Wayao wote wa dunia wako mbele yake katika mwanamke mmoja aliyeua kisima chake mwenyewe. Asumini alimngoja. Alikuwa tayari kucheka hata kama halichekeshi.

"Mtani, nakuomba. Lolote."

"Pole sana, Asumini," alisema Longinus Mbano, kwa upole, kama anavyosema mtu baki, na hapo ndipo Asumini alipoketi sakafuni akalia kwa sauti.